Kina cha Fokasi: Kwa Nini Safu ya Nyuma Hutoka na Ukungu

Chukua picha ya ukoo iliyopigwa harusini jioni. Watoto wamekaa chini mbele, wazee wamewekewa viti katikati, vijana warefu wamesimama nyuma. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila mtu alionekana vizuri, mpiga picha akasema "safi", watu wakatawanyika. Wiki mbili baadaye picha inasafishwa kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani, na kumbe nyuso za nyuma zote zina ukungu. Kamera haikutikisika. Lenzi si mbovu. Fokasi ilikaa palepale ilipoelekezwa. Na ukoo ule huenda usikusanyike tena wote kwa siku moja.

Kilichowaponyoka hapo kinaitwa kina cha fokasi, yaani ule umbali, kuanzia mbele kwenda nyuma, ambao vitu vilivyomo ndani yake vinaonekana vikali kwenye picha. Mtaani "picha kali" ni picha nzuri tu. Humu tutalitumia neno ukali kwa maana moja: kope zinahesabika, maandishi yanasomeka, kingo hazijafifia. Wapiga picha wengi wanakijua kina cha fokasi kwa mazoea ya mkono, lakini ukiuliza kinatoka wapi utaambiwa "ni mambo ya lenzi". Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine imo kwenye jicho la mtu atakayeitazama picha. Twende taratibu, na tubebe kikokotoo.

Lenzi inalenga umbali mmoja tu

Tuanze na jambo ambalo huwashangaza wengi: lenzi haina uwezo wa kuweka fokasi kwenye "eneo". Inaweka kwenye umbali mmoja. Ukilenga mita 4.5, basi kilicho mita 4.5 ndicho kikali kwelikweli. Kilicho mita 4.4 kimeshaanza kupoteza ukali, na cha mita 4.6 vilevile. Fikiria karatasi pana isiyoonekana, imesimama wima mbele ya kamera. Kinachoigusa karatasi hiyo ndicho kilicho kwenye fokasi kamili.

Kwa nini? Chukua nukta moja tu, tuseme kipini cha dhahabu kwenye pua ya bibi harusi. Mwanga kutoka kwenye nukta hiyo unasambaa na kulijaza tundu lote la lenzi. Lenzi inaupinda mwanga huo ili ukutane tena mahali pamoja nyuma yake. Umbo linalotokea ni kama kile kikoni cha karatasi cha muuza karanga: mdomo mpana uko kwenye lenzi, ncha iko nyuma. Ncha ikiangukia sawasawa juu ya kihisi cha kamera, nukta inabaki nukta. Lakini kitu kikiwa mbali zaidi ya pale ulipolenga, ncha inaangukia mbele ya kihisi, na kitu kikiwa karibu zaidi ncha inataka kuangukia nyuma ya kihisi. Vyovyote vile, kihisi kinakikata kikoni mahali ambapo si ncha, na pale pa kukatwa panapatikana kiduara. Picha yenye ukungu ni mkusanyiko wa viduara vya namna hiyo vilivyopandiana.

Ukishaiona picha hiyo ya kikoni akilini, tundu la lenzi linajieleza lenyewe. Tundu pana, ambalo wapiga picha huliita apecha kubwa, linatoa kikoni kinene, na ukikikata hata kidogo tu nje ya ncha unapata duara kubwa. Tundu jembamba linatoa kikoni chembamba kama sindano, na ukikikata hata mbali kidogo na ncha, duara bado ni dogo.

Hapa ndipo zile namba za f zinapowachanganya watu. Kwa nini f/1.8 ni tundu kubwa na f/5.6 ni tundu dogo? Kwa sababu ni kugawanya. Herufi f ni urefu wa fokasi wa lenzi. Kwenye lenzi ya milimita 50, f/1.8 ni 50 gawanya kwa 1.8, yaani tundu la milimita 28 hivi. Kwa f/5.6 ni milimita 9. Unagawa chungwa lilelile kwa watu wengi zaidi, kila mmoja anapata kidogo.

Mpaka unawekwa na jicho

Sasa swali gumu. Kama ni umbali mmoja tu ulio mkali, mbona kwenye picha nyingi tunaona vitu vya umbali tofauti na vyote vinaonekana vizuri?

Jibu ni kwamba jicho lina uvumilivu. Mtu anayeona vizuri, akishika picha kiasi cha sentimita 25 kutoka usoni, kiduara chenye kipenyo cha milimita 0.2 hivi hawezi kukitofautisha na nukta. Kwake ni nukta tu. Kwa hiyo viduara vyote vilivyo vidogo kuliko hapo vinapita bila kukamatwa.

Lakini 0.2 hiyo ni kwenye karatasi, na picha ya kwenye karatasi imekuzwa. Kihisi cha kamera kubwa za kitaalamu kina milimita 36 kwa 24. Ukikuza picha yake hadi upana wa sentimita 30, umeikuza mara 8 na zaidi kidogo. Ili kiduara kisizidi 0.2 kwenye karatasi, kwenye kihisi kisizidi takribani 0.025. Kwa mazoea, namba iliyozoeleka katika majedwali ya kina cha fokasi ya kamera za ukubwa huo ni milimita 0.03. Tutaitumia hiyo.

Umeona kilichotokea? Namba inayoamua kipi ni "kikali" imetokana na ukubwa wa karatasi, umbali wa mtazamaji, na uwezo wa jicho lake. Lenzi haikuulizwa.

Turudi kwa ule ukoo na tupige hesabu. Lenzi ni ya milimita 50, tundu f/1.8 kwa kuwa ukumbi una giza, fokasi imewekwa kwenye watoto wa mbele walioko mita 4.5, na vijana wa nyuma wako mita 2 nyuma yao. Hesabu ya kikoni inasema kila nukta kwenye uso wa kijana wa nyuma inakuwa kiduara cha milimita 0.1 hivi kwenye kihisi. Sasa angalia:

- Kwenye kioo cha kamera chenye upana wa sentimita 6, picha imekuzwa chini ya mara 2. Kiduara kinaonekana kama milimita 0.17. Jicho linasema: safi!
- Kwenye picha ya ukutani yenye upana wa sentimita 90, imekuzwa mara 25. Kiduara kilekile sasa ni milimita 2.5. Hapo hata mgeni aliye mlangoni anaona ukungu.

Kwa hiyo mpiga picha hakudanganya aliposema safi. Kwa ukubwa ule, ilikuwa safi. Ndiyo maana inafaa kukuza picha kwenye kioo cha kamera, uangalie macho ya mtu wa safu ya nyuma kabisa, kabla hujawaruhusu watu waondoke.

Kanuni moja ya kuweka mfukoni

Kuna kanuni fupi inayokadiria kina cha fokasi vizuri, ili mradi kina chenyewe kiwe kidogo kikilinganishwa na umbali wa kitu:

Kina ≈ 2 × N × c × (umbali ÷ urefu wa fokasi)²

N ni ile namba ya f, na c ni kiduara tunachokivumilia, yaani 0.03. Vipimo vyote viwe milimita. Tuijaribu: lenzi ya 50, f/1.8, mtu yuko mita 2. Umbali gawanya kwa urefu wa fokasi ni 40, kipeo chake cha pili ni 1600. Zidisha: 2 × 1.8 × 0.03 × 1600 = 173. Yaani sentimita 17. Uso unaingia wote, lakini mtu wa pili akisimama hatua moja nyuma ameshatoka nje.

Kanuni hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza: ukizidisha N, kina kinaongezeka kwa kiasi kilekile. Toka f/1.8 nenda f/5.6, umepata kina mara 3. La pili: umbali una kipeo cha pili. Ukirudi nyuma mara 2, kina kinakua mara 4. Kwa hiyo kama tundu haliwezi kupunguzwa kwa sababu ya giza, rudi nyuma hatua kadhaa, kisha kata kingo za picha baadaye. Kukata ni kukuza pia, kwa hiyo sehemu ya faida inarudi ilikotoka, lakini bado unabaki na faida.

Kwa picha yetu ya harusi, weka fokasi kwenye wazee wa katikati, mita 5.5. Kwa f/1.8 kina ni mita 1.3, na safu zetu zimeenea mita 2. Haitoshi. Kwa f/5.6 kina kinazidi mita 4: kinaanzia kama mita 4 kutoka kwenye kamera na kwenda hadi mita 8 na ushee. Ukoo mzima umeingia.

Gharama yake ni mwanga. Toka f/1.8 hadi f/5.6 umepoteza mwanga karibu mara 10, na lazima uufidie: ama flashi, ama shata ibaki wazi muda mrefu mara 10 na watu watulie kama sanamu, ama upandishe ISO na ukubali chengachenga. Hakuna cha bure. Unachagua tu utalipa kwa sarafu gani.

Utasikia pia kanuni ya "theluthi moja mbele, theluthi mbili nyuma". Kwenye mfano huu wa mita 5.5 inakaribia kuwa kweli. Kwenye ule wa mita 2 kwa f/1.8, kina kimegawanyika sentimita 8 mbele na 9 nyuma, yaani karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo usiifanye sheria ya kila mahali.

Vipi lenzi ndefu?

Wengi wanaamini kwamba lenzi ndefu, tuseme milimita 100, ina kina chembamba kuliko ya 50. Irudie kanuni. Ukisimama palepale, ni kweli, maana kigawanyo kimekua. Lakini nani husimama palepale? Ukibadilisha kwenda lenzi ya 100 unarudi nyuma hadi mita 4 ili uso ubaki ukubwa uleule kwenye picha. Mita 4 gawanya kwa milimita 100 ni 40. Ileile! Kina kwa f/1.8 ni sentimita 17, kama mwanzo.

Kinachobadilika ni mandhari ya nyuma. Lenzi ndefu inakuza kipande kidogo cha kile kilicho nyuma, pamoja na viduara vyake, ndiyo maana mandhari huonekana laini kama uji. Ulaini wa nyuma na kina cha fokasi ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kumewafanya watu wanunue lenzi za bei ambazo hawakuzihitaji.

Na simu je?

Simu nyingi huandikwa f/1.8 au karibu na hapo, namba ileile ya lenzi yetu ya harusi. Mbona zenyewe huonyesha kila kitu kikali? Kwa sababu urefu halisi wa fokasi wa kamera kuu ya simu ni milimita chache tu. Tuseme ni 6: tundu lake ni 6 gawanya kwa 1.8, milimita 3.3. Kikoni ni kidogo mno. Kwa kihisi chenye upana wa milimita 8 hivi, ukimlenga mtu aliye mita 2, ukali unaanzia kama mita 1.2 na kuvuka mita 6.

Basi ule ukungu mzuri wa nyuma kwenye picha za simu za watu hutengenezwa, sehemu kubwa, na programu. Simu inakadiria kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, halafu inapaka ukungu kwa hesabu. Ukitaka kuikamata, angalia nywele zilizochambuka, kingo za kilemba, hereni, au nafasi kati ya mkono na kiuno. Mara nyingi hapo ndipo hesabu inapojikwaa.

Basi tubane tundu hadi mwisho?

Unaweza kuwaza: kama tundu dogo linaongeza kina, si niweke f/22 nimalize kesi? Hapo mwanga unakukumbusha kwamba wenyewe ni wimbi. Wimbi likipita kwenye tundu dogo linatawanyika kidogo baada ya kupita, na nukta inakuwa kiduara hata pale palipo na fokasi kamili. Kipenyo cha kiduara hicho ni 2.44 × urefu wa wimbi × N. Kwa mwanga wa kijani, f/8 inatoa milimita 0.011, hakuna wasiwasi. Kwa f/22 inafika 0.03, yaani imegusa mpaka wetu wa uvumilivu. Kina ni kirefu, lakini picha nzima imeanza kulainika.

Mwaka 1932, huko San Francisco, wapiga picha wakiwemo Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham walianzisha kundi na kuliita Group f/64, kwa heshima ya tundu dogo kabisa lililompa mtu ukali wa mbele hadi nyuma. Kama f/22 inalainisha, f/64 iliwezekanaje? Kwa f/64 kiduara cha wimbi ni milimita 0.09. Lakini Weston, kwa mfano, alitumia negativu za inchi 8 kwa 10 na kuzisafisha kwa kuzigusisha na karatasi moja kwa moja, bila kuzikuza hata kidogo. Jicho linavumilia 0.2. Kiduara cha 0.09 kilipita bila kuonekana. Unaona, tunarudi palepale: ukali ni makubaliano kati ya kiduara na jicho.

Pale ambapo kina kinakosekana kabisa

Kuna mahali ambapo hesabu hii inahusu afya za watu. Mtaalamu wa maabara anayetafuta vimelea vya malaria kwenye damu hutumia lenzi ya hadubini ya kukuza mara 100, yenye tone la mafuta kati yake na kioo. Ili ione vitu vidogo kiasi hicho, lenzi hiyo hupokea koni ya mwanga iliyofunguka zaidi ya nyuzi 100. Kikoni kinene kupindukia! Kina chake cha fokasi ni chini ya mikromita 1, na mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe nyekundu moja ya damu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8.

Tabaka la tone nene la damu lina unene unaozidi kina hicho. Kwa hiyo kimelea kinaweza kuwa katikati kabisa ya eneo unalotazama na usikione, kwa sababu kiko juu kidogo au chini kidogo ya fokasi. Ndiyo sababu ukimtazama mtaalamu mzoefu utaona kidole chake hakitulii: anazungusha kitasa kidogo cha fokasi, mbele na nyuma, akilipita tabaka lote la kila eneo. Na hapa kubana tundu hakusaidii, maana koni nyembamba ingeufuta uwezo wa kuona vitu vidogo vyenyewe.

Kwa hiyo picha moja ya simu iliyopigwa kupitia hadubini na kutumwa kwa daktari inaonyesha ukurasa mmoja tu wa kitabu. Haitoshi kusema "hakuna vimelea". Mitambo inayosoma slaidi kwa kompyuta hulikabili tatizo hilo kwa kupiga picha kadhaa za eneo moja kwa kina tofauti. Wapiga picha wa wadudu nao hufanya vivyo hivyo, kisha huunganisha sehemu kali za kila picha.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji kamera kuthibitisha haya. Kama unavaa miwani, ivue. Chukua karatasi ngumu, toboa tundu la milimita 1 hivi kwa pini nene, lisogeze karibu kabisa na jicho moja, funga la pili, kisha tazama maandishi ambayo bila miwani huyasomi. Mahali pawe na mwanga wa kutosha, na usilielekeze juani kamwe.

Maandishi yatakaa sawa. Yatakuwa na giza kidogo, lakini yatasomeka. Lenzi ya jicho lako haijapona. Umekibana kikoni tu, na viduara kwenye retina vimepungua. Kwenye kliniki za macho kuna kifaa chenye vitundu vya namna hiyo. Mgonjwa akiona vizuri zaidi kupitia kwake, ni dalili kwamba huenda miwani itamsaidia. Asipoona tofauti, mtaalamu anajua atafute tatizo kwingine, kwa mfano kwenye retina. Jaribio la nyumbani halichukui nafasi ya kupimwa, lakini ni fizikia ileile.

Hilo pia linaeleza kwa nini babu huchukua gazeti akatoka nalo barazani badala ya kulisomea ndani. Kwenye mwanga mkali mboni hubana hadi kipenyo cha milimita 2 hivi. Gizani inaweza kupanuka hata ikafika 7. Nje amepata mwanga zaidi, na pia amepata kina zaidi. Hajui namba ya f, lakini ameshaibadilisha.

Siku ukipewa kamera na kuambiwa upige picha ya kundi, kabla hujagusa chochote jiuliza: picha hii itatazamwa na nani, ikiwa na ukubwa gani? Ukishajua, piga ile hesabu: 2 mara N mara c mara kipeo. Halafu weka fokasi kwenye viti vya wazee, bana tundu, kuza kioo, na umkague yule kijana wa nyuma kabisa.